Rafiki Aliyetumwa Kazini

Kwa Kikosi cha Pamoja cha Kupambana na Ugaidi,
Victoria, Australia.

YAH: PONGEZI KWA MALEZI BORA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Aprili 2021 wazazi wa mvulana wa miaka 13 mwenye usonji walikwenda polisi kwa miguu yao. Mtoto kanasa kwenye video za ISIS, walisema, na kamwomba mama yake amnunulie kemikali za bomu. Wazazi wengine wangeficha. Hawa waliomba msaada.

Msaada ukaanza, wa mwanasaikolojia. Lakini mtoto wa namna hii akishikwa na jambo, halimtoki kwa siku moja. Anahitaji mtu wa kumvuta taratibu kuelekea jambo jingine. Kazi hiyo haina picha gazetini. Mkaona apewe rafiki.

Askari kanzu wenu akaingia mtandaoni kwa sura mbili: Mwislamu wa miaka 24 kutoka New South Wales, na mwenzake mwenye msimamo mkali zaidi aliye ng'ambo. Katika siku 71 alizungumza na mtoto siku 55, hata saa za mapumziko shuleni, hata usiku. Mjomba gani ana moyo huo? Mpweke akapata marafiki wawili kwa mpigo, wote wa mshahara mmoja!

Kesi ilipofika mahakamani, hakimu hakupendezwa. Alisema askari alichochea ule mnaso wa ISIS, akamsukuma mtoto kwenye chuki ya rangi na kutowaamini polisi. Hilo la mwisho, nadhani, alilifundisha kwa vitendo.

Nawasifu pia kwa subira. Sheria yenu humhesabu aliye chini ya miaka 14 kuwa hana nia ya jinai, hadi ithibitishwe vinginevyo. Mashtaka ya ugaidi yakaja Oktoba 2021, mtoto keshatimiza 14. Bahati tu, bila shaka. Oktoba 2023 Mahakama ya Watoto ikayasimamisha moja kwa moja.

Usonji haumfanyi mtu gaidi. Ila upweke, na tabia ya kuamini neno kama lilivyotamkwa, humrahisishia kazi yeyote anayejifanya rafiki. Waandikishaji wa ISIS wanalijua hilo. Nilidhani nanyi mnalijua, kwa sababu tofauti.

Ombi langu ni dogo. Bandikeni tangazo mapokezi, mzazi atakayekuja kesho ajue mlango upi una daktari, na upi una rafiki.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mzazi.