Mkia wa Kitenzi na Guta la Maji

Mpwa wangu yuko kidato cha pili na anakaa kwangu, Mbagala Charambe. Mama yake, dada yangu, alihamia Bunju akamwacha mtoto huku, maana kutoka Bunju hadi shule iliyoko Temeke ni kulivuka jiji zima kila siku na sare mwilini. Kwa hiyo mimi ndiye mjomba, mimi ndiye mlezi, na tangu wiki iliyopita mimi ndiye mwalimu wa Kiingereza wa zamu ya usiku.

"Shikamoo mjomba."

Mtoto mmeshinda naye nyumbani tangu asubuhi, halafu saa mbili usiku anakuamkia. Hapo jua kuna gharama inakuja.

Gharama yenyewe ilikuwa zile wanazoziita frezo vebu. Mwingereza ana vitenzi vyake vifupi vifupi, "put", "get", "run", anavitundikia mkia, na kila mkia una maana yake. "Put off" ni kuahirisha. "Put out" ni kuzima moto. "Put up with" ni kuvumilia, ingawa ukiichukua neno moja moja unapata "weka juu na". Weka nini? Juu ya nini? Na nani? Mtoto kasoma miaka saba kwa Kiswahili, kaingia kidato cha kwanza kakuta Biolojia, Jiografia na Historia zote zimegeuka Kiingereza kwa siku moja, na bado anadaiwa mikia.

Sentensi zilikuwa kumi, na zote za shida. Kuna kukiri kwamba shida ipo, "face up to". Kuna kuishughulikia, "deal with". Kuna kuipitia pembeni, "get round". Kuna kuimaliza moyoni ukaendelea na maisha, "get over". Nikaona wenzetu shida wameijengea ngazi, na kila kidato cha ngazi kina mkia wake.

Sisi huku tuna kidato kimoja tu. Tunakabiliana na changamoto.

Hili neno changamoto limemeza kila kitu. Zamani tulikuwa na shida, tatizo, kero, dhiki, balaa, taabu na mkosi, na ukisema ulijua unazungumzia kipi. Siku hizi paa linavuja, changamoto. Mume kaondoka na hela ya mchezo, changamoto. Kijana hana nauli ya kufika Rangi Tatu anakwambia, "Bro, nafesi changamoto, ila nadili nayo." Anadili nayo vipi? Kwa kukuomba mia tano.

Na hiyo "kukabiliana" ndiyo inayonimaliza. Kukabiliana ni kuelekezeana nyuso. Hakuna aliyeahidi kumpiga mwenzake. Dimbwi la mtaani kwetu tunakabiliana nalo tangu masika ya mwaka juzi: asubuhi tunalitazama, nalo linatutazama, tunakunja suruali, tunapita juu ya matofali tuliyoyapanga wenyewe, kila upande unabaki na msimamo wake. Tukiuliza kwenye mkutano tunaambiwa suala hilo linafanyiwa kazi. Linafanyiwa na nani? Kitenzi kimeshafungwa mlango, mtenda yuko ndani, hatoki.

Mwalimu Nyerere aliichukua Julius Caesar ya Shakespeare akaitoa kwa Kiswahili mwaka 1963. Nashukuru aliifanya mapema. Angengoja wasemaji wa leo waifanye wao, Kaizari angekuwa hajachomwa visu na rafiki zake. Angekuwa amekumbwa na changamoto ya kiusalama, na suala lake linafanyiwa kazi.

Si kwamba Kiswahili hakina mikia. Tunayo, ila yetu imeshonewa kwenye kitenzi chenyewe. Kukimbia shida ni kuikwepa. Kuikimbilia ni kuifuata mwenyewe, kama shemeji yangu aliyenunua kiwanja bondeni wakati wa kiangazi. Kukimbizana nayo ndiyo maisha ya hapa Charambe. Na tunayo shinda, ambayo nikiifikiria nachoka kabisa: kushinda shida ni kuibwaga, kushinda na shida ni kukaa nayo kutwa nzima hadi magharibi. Kati ya ushindi na msiba kuna "na" moja tu.

Haya yote nilimweleza mpwa wangu. Akanisikiliza kwa adabu, kalamu mkononi.

"Sawa mjomba. Namba saba sasa."

Namba saba ilikuwa hivi: "We have run ____ water." Jaza nafasi. Kiswahili hapo kina neno moja safi, kuishiwa, lakini zoezi lilitaka mkia. Nikatazama uani. Madumu sita yamepangwa ukutani, yote makavu, moja limelala ubavu. Bomba la uani linatoa hewa. Maji tunanunua kwa kijana wa guta, dumu la lita ishirini shilingi 500, na kijana mwenyewe hasimami, anapita alfajiri akipiga kelele "Maji! Maji!" huku anakanyaga pedali kama anafukuzwa, na wewe unatoka na taulo kiunoni unamfuata hadi kwenye kona ya muuza chipsi.

"Andika 'after'," nikasema. Nilikuwa na uhakika.

Daftari limerudi jana. Namba saba ina mkasi mwekundu uliochora hadi ukurasa wa nyuma, na pembeni mwalimu kaandika "out of". Mpwa wangu ananitazama kama mtu aliyetapeliwa na ndugu wa damu. Nikamwambia kesho nakwenda shuleni mwenyewe, namweleza huyo mwalimu tunakoishi, na kama haamini aje alale siku moja tu.

Leo nimeamka saa kumi na moja, nimepiga pasi shati, nimevaa na viatu. Nikiwa natafuta daftari la mtoto nikasikia "Maji! Maji!" inapita dirishani.

Kona ya chipsi nimefika wa nne, shati limelowa, madumu mawili tu ndiyo yamepata. Bei imekuwa 700. Kijana anasema kuna changamoto.