Sifa za Gari Linalowaka Likipenda

Gari lililokufa moja kwa moja halina fadhila yoyote. Mkanda umekatika, umekatika. Betri imekufa, imekufa. Fundi anatazama, anataja bei, mnaachana. Sifa zangu nazimwaga kwa mgonjwa wa aina nyingine: Toyota Mark II GX81 ya shemeji yangu, toleo lililoanza kutoka Japani mwaka 1988, lenye nozeli na kontroli boksi badala ya kabureta. Asubuhi linawaka ufunguo ukigusa tu. Adhuhuri linagoma kando ya Barabara ya Kawawa, trafiki kasimama, makonda wanatukana kwa zamu. Alasiri linawaka tena, na ngurumo yake ni ya gari lisilojua linasingiziwa nini.

Kwanza, lina adabu mbele ya wataalamu. Livute kwa kamba kutoka Karume mpaka gereji, na fundi akishika ufunguo litawaka kabla hajakaa sawasawa kitini. Fundi anakutazama. Vijana wake wanaweka spana chini, nao wanakutazama. "Bosi, gari zima hili. Tatizo nini?" Toka hapo anayechunguzwa ni wewe: unawashaje, umelala saa ngapi, nyumbani kwema?

Halafu lina ukarimu wa kukusanya watu. Likigoma Mchikichini, muuza mitumba anaacha suruali zake aje kusema ni plagi. Bodaboda, ambaye pikipiki yake haijawahi kuwa na pampu ya umeme, anaapa kwamba ni pampu. Mama ntilie anasema hapo kuna mkono wa mtu, na kwa kuwa haombi hela ya spea, ndiye mshauri pekee asiye na masilahi. Mzee mmoja husema mafuta yamechakachuliwa. Dai lake lilikuwa na meno zamani, kabla mamlaka ya EWURA haijaanza kuweka vinasaba vya kuwanasa wachakachuaji kwenye mafuta mwaka 2010, na kabla kodi ya mafuta ya taa, yaliyokuwa yakichanganywa humo, haijapandishwa mwaka 2011. Siku hizi analisema kwa mazoea, lakini nani atamkatiza mzee?

Wote husema "haliwaki", na hapo ndipo gari hili linapostahili cheo cha ualimu, maana kuna kutowaka kwa namna mbili zisizo na undugu. Ukizungusha ufunguo ukasikia "ta!" moja kavu, au kimya kitupu, injini haijazunguka, mafuta na plagi hazihusiki, ziache. Tazama terminali za betri zilizoota unga, waya wa ethi uliolegea kwenye bodi, na swichi ya gia: gari la otomatiki halipigi stata mpaka gia iwe P au N, kwa hiyo likigoma kwenye P likakubali kwenye N, limeshakupa nusu ya habari. Kisha vile vipande vya shaba ndani ya solenoidi ya stata, ambavyo huliwa kidogo kidogo kwa miaka mpaka vinafika umri wa leo kugusa, kesho kutogusa. Betri inayosoma volti 12.6 ikiwa imepumzika isishuke chini ya 9.6 hivi wakati stata inavuta.

Namna ya pili, injini inazunguka kwa nguvu zote ila haishiki. Sasa swali ni limekosa moto au limekosa mafuta, na gari lenyewe liko tayari kusema. Chini ya boneti kuna kiboksi cha plastiki chenye kifuniko. Unganisha matundu TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kupiga stata, na taa ya injini kwenye dashibodi inaanza kupepesa namba. Mara moja, kituo, kisha mara mbili: hiyo ni 12, kompyuta, yaani ile kontroli boksi, haipati ishara ya mzunguko kutoka kwenye distribyuta. 22 ni sensa ya joto la maji. Bahati mbaya, fundi wa kwanza kwa kawaida ameshafungua terminali ya betri "ili isahau", nayo imesahau kweli, pamoja na ushahidi wote. Taa ikipepesa harakaharaka bila vituo, kompyuta inasema haijaona kosa. Haidanganyi, ila rilei ya pampu ikikata umeme, yenyewe haiandiki chochote. Hapo unganisha +B na Fp kwenye kiboksi kilekile. Pampu ikivuma na gari likawaka, pampu unayotaka kuinunua ni nzima. Kilichougua ni njia ya umeme wake.

Na kwa nini adhuhuri? Ukizima injini ya moto, maji yanaacha kuzunguka na feni inasimama, lakini chuma kinaendelea kutoa joto lake. Robo saa baadaye chini ya boneti kuna moto kuliko gari lilipokuwa linatembea, na ndani, chini ya dashibodi, jua la Dar linafanya kazi yake. Lehemu yenye ufa ndani ya rilei inaachana. Waya mwembamba ndani ya distribyuta unakatika. Vikipoa vinashikana tena, na gari linakuwa halina habari.

Dawa ni kulitegea. Unganisha taa ndogo ya kupimia kwenye waya wa pampu, ipitishe mpaka mbele ya dereva, uendelee na shughuli zako. Siku litakapogoma, usimwite mtu. Piga stata, tazama taa. Ikiwaka, nenda ukatafute upande wa moto. Isipowaka, gonga rilei kwa mpini wa bisibisi.

Lakini kutega hakuna pesa, na hapa sifa za gari hili zinafika ngazi ya uchumi. Kijana anatumwa Shaurimoyo kutafuta koili ya mtumba. Anazunguka, dalali anaongeza cha juu, bei inapatana, koili inarudi, inafungwa. Muda wote huo injini inapoa. Gari linawaka! Koili inapewa heshima zote. Wiki ijayo ni pampu, nayo inaponya. Baadaye sensa, nayo inaponya. Hakuna aliyetapeliwa: kila spea iliyofungwa ilifuatiwa na gari kuwaka, na watu wengi walikula.

Kuna wanaodai kwamba nozeli hazikuumbiwa barabara zetu, kabureta ndiyo gari. Hao waulizwe Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alishindaje Safari Rally mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404 ya nozeli, tena za pampu ya kimakanika. Mwaka huohuo wa 1967 Bosch walikuwa ndiyo kwanza wanauweka mfumo wao wa umeme, D-Jetronic, kwenye Volkswagen 1600. Nozeli hazina kosa. Waya ndio wazee.

La shemeji mwishowe lilikuwa rilei. Fundi redio ndiye aliyeifungua, akaona ufa mwembamba kuzunguka mguu mmoja, akaulehemu upya kwa pesa isiyonunua sahani ya wali kuku. Tangu siku hiyo limewaka kila mara, na hapo ndipo ukuu wake ulipo: kuwaka si ushahidi, kwani hata lilipokuwa gonjwa lilikuwa likiwaka mara nyingi. Hakuna awezaye kuapa kwamba limepona. Shemeji bado analiegesha pua ikitazama barabara, msibani anakwenda kwa daladala, na ile taa ya kupimia hajathubutu kuing'oa. Juzi trafiki alimsimamisha akamwuliza taa hiyo ni ya nini.

"Ya alamu, afande."