Kulwa Hapatikani

Mimi ni mtu wa stoo, jamani. Kazi yangu kuhesabu mifuko ya mawe pale karashani Katoro, basi. Sasa bosi kaleta kompyuta ya mtumba. Eti hii seva ya majaribio, databesi ya mifuko tuichezee humo kwanza kabla hatujaiharibu ile ya kweli. Mwangalizi nani? Mimi. Kisa nina miwani.

Mashine ilikuja na jina la huko ilikotoka, refu kama namba ya NIDA. Nikalibadilisha. Nikaipa jina la mwanangu, kulwa. Ile naandika amri ya kwanza tu, inanijibu haimpati kulwa. Yaani umebatizwa sasa hivi, halafu unaniuliza kulwa ndiye nani! Nikaizima. Nikaiwasha. Nikapangusa kioo.

Nikampigia fundi, kijana yuko Shinyanga mjini. "Baba, jina umebadilisha sehemu moja tu. Fungua faili la hosts, lile la zamani bado limekaa mbele ya 127.0.1.1. Futa, andika kulwa." Nikaandika kulwwa. Nusu saa nyingine ikaenda, na salio langu.

Kesho yake karani naye anataka kuingia kwa laptopu yake. Safari hii dawa naijua! Ule mstari nikaunakili mzima mzima kwenye laptopu. Ikagoma. Fundi alicheka mpaka nikaona aibu mbele ya simu. Kumbe namba zote zinazoanza na 127 maana yake "mimi mwenyewe". Laptopu ya watu inajibishia hodi mlangoni kwake yenyewe! Ilitaka namba ya seva kwenye mtandao wa ofisi, 192.168.1.23. Akanifariji: zamani huko Marekani majina ya mashine zote za mtandao wao yalikaa kwenye faili moja, California, mpaka mwaka 1983 Paul Mockapetris alipobuni mfumo wa majina wa DNS. Faili moja, watu wanaleta majina, wewe unaandika. Kazi yangu kabisa hiyo, basi tu nilichelewa kuzaliwa.

Kwanza hata nyumbani kwangu ni vilevile, namba ipo ila watu wanatafuta kwa jina. Kibao cha anwani za makazi kipo tangu 2022, namba inang'aa. Bodaboda anauliza, "Si kule kwa Mama Kulwa, nyuma ya mwembe?"

Juzi umeme ukakatika. Uliporudi, ruta ikagawa namba upya. Ile 23 ikaangukia simu ya kijana wa karasha anayetazama mpira kwa waifai yetu. Karani anatafuta mifuko, anaitafuta kwenye simu ya mtu. Nikatoka nje kusaka mtandao, nikasimama kwa mama lishe, nikapayuka: "Fundi, Kulwa hapatikani! Tangu umeme ukatike! Nafasi yake kashachukua mwingine!"

Mama lishe akaangusha upawa. "Baba Kulwa, mtoto kapotea?" Nikampungia mkono anyamaze, maana fundi alikuwa ananielekeza namna ya kuifungia seva namba yake kwenye ruta, isigawiwe mwingine.

Saa kumi jioni ikakubali. Karani akaingia, mifuko yote ikaonekana. Nikajiweka sawa nisifiwe. Mlangoni bodaboda tatu. Mama lishe kashuka, kamshika Kulwa mkono, sare za shule, kamasi na machozi.

"Tumempata! Alikuwa darasani."

Nauli shilingi 6,000.