Migebuka Hawakuwa na Kosa

Lawama zote ziliwaangukia migebuka. Baba watoto alikuwa ametoka Kasanga na ndoo ya samaki hao wabichi, akaiweka nyuma kwenye buti, na tangu hapo gari likaanza kunuka. Mama mkwe alisema ndoo imemwagika. Baba watoto akaapa kwamba haikumwagika hata tone. Mimi nikalisugua buti kwa sabuni ya unga na ndimu, nikautoa mkeka wake na kuuanika uani, na jua la asubuhi likaukausha vizuri. Mvua ikanyesha tena, na harufu ikarudi na nguvu zaidi.

Hapo ndipo nilipoanza kuwatetea samaki. Harufu ya samaki hukaa pale samaki alipokaa, na hupungua kadiri siku zinavyopita. Hii yetu ilikuwa inaongezeka kila baada ya mvua, na ilikuwa kali zaidi mbele kuliko nyuma. Tena asubuhi vioo vilikuwa vinaamka na ukungu kwa ndani, ukifuta kwa kitambaa unarudi kabla hujafika barabarani. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na baridi ya asubuhi tunaijua sote, lakini baridi peke yake haileti maji ndani ya kioo. Maji hayo yalikuwa yanatoka mahali fulani mle mle ndani.

Jibu la kwanza lilikuja Jumapili moja, tukienda Misa. Mama mkwe hukaa kiti cha mbele kushoto, ndiyo heshima yake. Tulipofika mteremko akanyanyua miguu. Viatu vyake vilikuwa vimelowa mpaka soksi, na kapeti chini yake lilitoa maji kila alipolikanyaga. Hakugomba. Alisema tu, “Wanangu, hili gari linanyeshewa ndani,” kisha akakaa Misa nzima na miguu ya baridi. Ile hali iliniuma. Mtu wa umri wake, anayeumwa magoti kila ifikapo Februari, hapaswi kusafiri miguu ikiwa ndani ya maji.

Kwetu mvua huanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili, na mara nyingi hufuata ratiba yake: asubuhi jua, mchana mawingu, alasiri radi na mvua kubwa. Watu hawafikirii ni maji kiasi gani yanayoliangukia gari moja. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Gari dogo la familia lina kama mita saba za mraba ukijumlisha bati na vioo vinavyotazama juu. Mvua ya milimita 20, ambayo huku Ufipa ni mvua ya alasiri moja tu, hulimwagia lita 140. Asilimia moja tu ya maji hayo ikipotea njia na kuingia ndani, tayari ni zaidi ya lita moja chini ya kapeti, na chini ya kapeti kuna sponji nene inayoyanywa na kuyatunza.

Tulimwita fundi. Sitamtaja, na sidhani alikuwa na nia mbaya. Alitazama kioo cha mbele, akasema raba imechoka, akachukua bomba la silikoni akazungushia kioo chote, kisha akapaka pembe za paa na ukingo wa boneti. Kazi ilimalizika haraka na ilionekana ya maana. Silikoni yenyewe ilikuwa ile yenye harufu ya siki, na ile siki hula bati lolote ambalo rangi yake imechubuka. Mvua iliyofuata, maji chini ya miguu ya mama mkwe yaliongezeka.

Kilichotuchanganya zaidi ni safari. Ufipa imeinuka kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki, kwa hiyo karibu kila safari ya kutoka hapa inayoelekea ziwani ni ya kushuka. Kutoka Sumbawanga kupitia Matai mpaka Kasanga unashuka karibu mita 1,000. Baba watoto akishuka, maji yote yaliyokuwa chini ya kapeti yalikimbilia mbele, akalalamika kwamba yanaingilia kwenye pedali. Akipanda kurudi, yalirudi nyuma, na watoto wakalalamika kwamba yanaingilia milango yao. Hata uani kwetu panainama kidogo kuelekea barabarani, na gari likigeuzwa uso, doa nalo linahama. Kila mtu nyumbani alikuwa na ushahidi wake, na kila mmoja alikuwa anasema kweli.

Mzee jirani, dereva mstaafu wa malori yaliyokuwa yakipeleka mahindi Tunduma, alisikia ubishi wetu kupitia michongoma. Akaingia, tukampa shikamoo, akapewa kigoda. Akasikiliza pande zote, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: “Mvua ikinyesha, maji ya kioo cha mbele yanatokea wapi?” Sisi tulikuwa tunatafuta yanapoingilia. Yeye alitaka kujua yanapotokea.

Akatueleza, nami nalieleza hapa kwa sababu naona ndicho kiini cha jambo lote. Gari halikuundwa kuzuia kila tone lisipite kwenye bati lake. Limeundwa kuyapokea maji na kuyaongoza nje. Maji ya kioo cha mbele hushuka mpaka kwenye lile pambo jeusi la plastiki linalobeba waipa, hupita kwenye matundu yake, huingia kwenye mfereji wa bati ulio chini, kisha hutokea pembeni kushoto na kulia, nyuma ya magurudumu ya mbele. Mlango ni vivyo hivyo: maji hupita kati ya kioo na raba, hushuka ndani ya mlango, na hutokea kwenye matundu madogo chini kabisa. Ndiyo maana nyuma ya pambo la mlango kuna karatasi ya nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi. Mafundi wa redio huichana wakifunga spika na hawairudishi, halafu mwenye gari anashangaa mlango mzima na raba nzima vinavujaje. Ukiziba njia ya kutokea, maji hayarudi mbinguni. Yatatafuta njia nyingine, na iliyo karibu zaidi ni ndani.

Kazi ilianza asubuhi ya Jumamosi. Kwanza tulitoa waya wa hasi wa betri na kuacha gari litulie, kwa sababu chini ya viti kuna waya za mikanda na mifuko ya hewa, na zile plagi za rangi ya njano hazichezewi. Kisha spana namba 14, viti vikatoka, vikapangwa barazani. Kapeti lilipoinuliwa tuliona kilichokuwa kinanuka miezi yote ile. Sponji ilikuwa nyeusi kwa ukungu, na tulipoikamua ilitoa maji ya rangi ya chai. Mama mkwe alisogea, akanusa, akamgeukia mwanawe na kusema, “Nisamehe, baba. Si samaki wako.” Baba watoto akaenda ndani kimya, akarudi amemletea kiti cha kukalia. Ubishi wa ndoo ukaisha.

Kukausha kulitushinda mara kadhaa, maana jua la asubuhi halitoshi kwa sponji nene, na alasiri lazima uiingize ndani. Kijana mmoja alishauri jiko la mkaa liwekwe ndani ya gari na milango ifungwe. Nilikataa palepale. Kila msimu wa baridi tunasikia ya waliolala na mkaa ndani ya chumba kilichofungwa na hawakuamka, na watoto wetu walikuwa wanaingia na kutoka garini muda wote. Sponji ilipanda darini, juu ya jiko la nje tunakokaushia mahindi ya mbegu, ikakaa huko kwenye moshi na joto mpaka ikawa nyepesi.

Wakati gari liko tupu na sakafu yake imefutwa kavu, mzee aliomba unga wa kunyunyiza kwenye bati, ili maji yakipita yaache mstari. Mama mkwe alikataa unga usitumike. Mahindi mapya yalikuwa bado mabichi shambani, na debe sokoni lilikuwa limepanda bei. Nikaleta chaki, watoto wakaisaga kwa chupa, ikafaa kuliko unga kwa sababu inaonyesha hata tone moja.

Hatukutumia mpira wa maji wa kasi. Maji ya kasi huingia hata pale ambapo mvua haiingii, na yanakudanganya. Tulitumia keni ya kumwagilia bustani na maji ya pipa tuliyokinga wenyewe. Mtoto wetu wa kwanza alilala ndani na tochi. Kanuni ya mzee ilikuwa moja: anzia chini, panda juu taratibu, na usihame mahali mpaka umeridhika. Ukianza na paa, kila kitu kinalowa na hujui lipi limevuja. Vizingiti: pakavu. Milango: pakavu, hata hivyo tuliweka kipande cha gazeti kwenye kila raba, tukafunga mlango na kukivuta, na kila mahali kilibana. Kisha keni ikamwagwa chini ya kioo cha mbele. Upande wa kulia, maji yalitiririka nyuma ya gurudumu kama inavyotakiwa. Upande wa kushoto halikutoka hata tone. Tukaendelea kumwaga. Baadaye sauti ikatoka ndani: “Mama, yanatoka kwenye feni!”

Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Kwenye magari yenye usukani kulia kama yetu, feni ya hewa mara nyingi hukaa upande wa abiria, na hewa yake huivuta kutoka kwenye mfereji ule ule wa chini ya kioo, kupitia tundu lenye ukingo ulioinuliwa. Mfereji ukijaa, maji huvuka ule ukingo, huingia kwenye boksi la feni na kudondokea miguuni kwa abiria. Tulifungua waipa, baada ya kuweka alama zilipokuwa zimesimama, tukanyanyua lile pambo. Majani ya mkaratusi wetu, yale marefu membamba, yalikuwa yamejipanga mle kwa miaka na kuoza mpaka yamekuwa udongo, na mche mdogo ulikuwa umeanza kuota. Nafasi ndogo iliyokuwa imebaki kwenye tundu la kutokea ilikuwa imezibwa na ulimi wa silikoni ulioshuka kutoka kwenye kioo. Tulizoa udongo kwa kijiko cha jikoni, tukaikata silikoni, tukamwaga keni nzima. Maji yalitoka nyuma ya gurudumu la kushoto kwa kishindo na watoto wakapiga kelele. Kichujio cha hewa, nyuma ya kabati la dashibodi, kilikuwa kimeoza, tukanunua kipya.

Ilibaki nyuma. Tulidhani maji ya buti ni yale yale yaliyosafiri kutoka mbele, lakini chaki ilisema vingine. Kwenye shimo la tairi la akiba kulikuwa na mstari wake, ukishuka kutoka taa ya kushoto. Taa hiyo ilibadilishwa baada ya mkokoteni kuigonga sokoni, na iliyowekwa ilikuja bila raba yake ya nyuma. Kuna wanaoweka sponji ya godoro mahali pake. Sponji hiyo hunywa maji na kuyaingiza. Inatakiwa povu ambalo vijitundu vyake vimefungwa, lisilonywa maji, la aina ya soli za malapa. Baba watoto alipata raba nzima kutoka kwenye taa iliyovunjika, kwa muuza spea za mtumba, akaifunga na kukaza nati kidogo kidogo kwa zamu ili plastiki isipasuke.

Swichi ya kufunga mlango wa kushoto iliyokuwa imekufa nayo ilipata maelezo. Kiungo cha waya chini ya kizingiti kilikuwa kimeota kutu ya kijani. Kilikatwa, waya mpya ukaungwa na kufungwa vizuri, mlango ukaitika. Hili ndilo linalonifanya nisione uvujaji kuwa jambo la harufu tu. Mtu anaweza kuzoea harufu. Gari linalokata umeme usiku kwenye mteremko wa Ntendo kwenda Muze ni jambo jingine kabisa.

Habari zimeshavuka michongoma. Mwalimu wa mtaa wa pili ana gari lenye dirisha la paa, na maji yanamdondokea karibu na taa ya ndani. Mzee ameshamwambia kwamba dirisha la namna hiyo lina mirija minne, miwili ikishuka kwenye nguzo za mbele na miwili nyuma, na kwamba upepo wa kompresa usiingizwe mle kwa sababu mrija ukichomoka juu ya dari, pambo lote la dari litashushwa. Atatumia waya laini wa breki ya baiskeli, ausukume polepole. Jumamosi ijayo gari litaletwa uani kwetu, maana keni na chaki viko hapa, na mama mkwe ameshasema mwalimu aegeshe mbali na mkaratusi.