Kontena la Pili: Barua ya Wazi kwa Baraza la Mitihani la Kenya

Kwa Afisa Mkuu Mtendaji,
Baraza la Mitihani la Kenya,
Nairobi.

KUH: ULINZI WA MTAHINIWA BAADA YA MTIHANI

Gredi ya wastani ya mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, ni herufi moja, wakati mwingine na alama ya kujumlisha au ya kutoa pembeni, inayotokana na pointi za masomo saba. Tangu mtihani huo ufanywe mara ya kwanza mwaka 1989, herufi hii imetwikwa kazi ambazo mtumishi mwingine yeyote wa umma angezigomea. C+ ndiyo tiketi ya shahada, iwe ni kule Nchiru katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru au katika Chuo Kikuu cha Embu. C huombwa na chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, kwa diploma. C- hufungua mlango wa diploma ya ufundi katika Meru National Polytechnic. D+ humruhusu kijana kupanga foleni siku ya usajili wa polisi. Baraza linastahili pongezi: kwa karatasi zile zile limeweza kubaini nani atadunga sindano, nani atachomelea vyuma na nani atashika bunduki, bila hata mmoja wao kuonyeshwa sindano, chuma wala bunduki.

Wafanyabiashara wa miraa wa Laare na Maua hawajafikia ustadi huo. Wao bado hutenganisha madaraja ya giza, alele na kangeta, na kabla ya kufunga bunda huuliza linakwenda wapi. Uingereza ilipopiga miraa marufuku mwaka 2014 walipoteza soko zima, lakini hawakuacha desturi hiyo ya kizamani ya kutaka kujua mnunuzi anahitaji nini.

Mambo hayakuanza hivi. Tume iliyoongozwa na Colin Mackay mwaka 1981 ndiyo iliyouzaa mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 kwa ahadi kwamba kijana atatoka shuleni akiweza kujitegemea. Useremala, uashi, sayansi kimu na kilimo vilipewa nafasi, na wazazi wakachanga kwa harambee kujenga karakana. Kisha mzigo wa masomo ukaonekana mzito, ufundi ukapunguzwa, na kilichotoka kwenye mtihani kikatoka pia kwenye ratiba. Mwalimu mkuu anayepimwa kwa wastani wa shule hawezi kupoteza vipindi kwa randa isiyotahiniwa. Hilo Baraza linalijua vizuri kuliko mtu yeyote nchini: kinachofundishwa Kenya ni kile kinachoulizwa, na maswali yanatoka kwake.

Kila matokeo yanapotangazwa, hesabu husomwa mbele ya kamera. Katika mtihani wa 2024, zaidi ya watahiniwa 960,000 waliketi, na 246,391 wakapata C+ kwenda juu. Hao ni kama robo. Robo tatu zilizobaki hutajwa kwa ufupi na kushauriwa zijiunge na vyuo vya ufundi, kwa sauti ile ile ya kumpa pole aliyefiwa. Hivyo fundi wa umeme huzaliwa akiwa mfiwa, na jamaa zake huambiana kwa mnong'ono kwamba mtoto "alikosa."

Kinachofuata hujulikana kwa kila familia kuanzia Igembe hadi Mbeere. Kijana wa Kiritiri mwenye D+ hufika kwenye lango mjini Embu akiwa na faili la plastiki. Ndani mna matokeo yaliyokunjwa hata mkunjo umeanza kupasuka, barua ya chifu na nakala zilizopigwa muhuri. Soja huchukua karatasi, huruka jina, huruka masomo, na kidole chake hutua kwenye herufi ya chini. Haulizi kama kijana anaweza kushusha injini ya pikipiki na kuirudisha kabla ya jua kuzama, jambo ambalo kijana anaweza. Miaka kumi baadaye kidole kingine kitatua pale pale. Muuaji hutumikia kifungo akatoka. D+ haina tarehe ya kutoka.

Samahani kwa ukali huo. Barua hii ina ombi moja kubwa, na ni la heshima.

Karatasi ya mtihani husafiri kifalme. Hulala kwenye kontena la chuma lenye kufuli mbili katika makao ya kaunti ndogo, ufunguo mmoja ukiwa na naibu kamishna wa kaunti na wa pili ukiwa na mkurugenzi wa elimu, ili asiwepo wa kufungua peke yake. Wakuu wa shule huja kuichukua kwa awamu mbili, ya asubuhi na ya mchana. Polisi wenye silaha huisindikiza hadi shuleni. Mafuriko yakikata barabara, helikopta huruka. Mawaziri huamka alfajiri kushuhudia kufuli zikifunguliwa. Mtihani ukiisha, karatasi hurudi Nairobi na walinzi wake, na mtahiniwa huenda steji na sanduku lake la bati.

Baraza linaombwa kununua kontena la pili, la mtahiniwa. Liwekwe Maua, Nkubu, Runyenjes na Siakago, ubavuni mwa lile la kwanza. Mtahiniwa ahifadhiwe humo, kavu na salama, mpaka apate chuo au kazi. Kila alfajiri maofisa wawili wafike na funguo zao, wahakikishe muhuri wake haujaguswa, wamtilie sahihi na kumtoa: awamu ya asubuhi kwa mahojiano ya kazi, ya mchana kwa kibarua. Askari mwenye bunduki amfikishe langoni. Soja akisema hakuna nafasi, tukio liandikwe kama udanganyifu. Mkubwa akiomba "kitu kidogo," ihesabiwe kwamba mtihani umevuja na matokeo ya ofisi nzima yafutwe. Wa Igembe Kaskazini barabara ikikatika waletewe helikopta. Waziri ashuhudie mshahara wa kwanza ukifunguliwa, mbele ya kamera zile zile. Watakaofika umri wa miaka 35 bila kufunguliwa warudishwe Nairobi pamoja na karatasi ambazo hazikutumika. Gharama isiwe kisingizio, kwa kuwa pesa za kulinda karatasi hazijawahi kukosekana.

Maombi mengine ni madogo. Vyeti vinavyozuiliwa shuleni kwa deni la karo vitolewe, kama wizara ilivyokwisha kuagiza zaidi ya mara moja. Anayeomba kuthibitishiwa matokeo asitozwe ada kana kwamba Baraza halina kumbukumbu ya lililoandika lenyewe. Na kwa kuwa watahiniwa wa Insha hufunzwa barua ya kuomba kazi, wafunzwe pia kuandika majibu yake, ili walau mtu mmoja nchini awe ameyaandika.

KCSE ya mwisho inatarajiwa mwaka 2027. Kidato kinapisha gredi, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walianza Januari 2026, na sasa kuna mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Herufi moja imekuwa mbili na tarakimu: EE1, ME2, AE1, hadi BE2, ambayo ni ya aliye chini ya matarajio. Matarajio ya nani, haijaelezwa. Mtihani wa kwanza wa kumaliza sekondari ya juu utafanywa mwaka 2028, na maswali yake bado yanaweza kutungwa upya. Kabla hayajatungwa, Baraza linaombwa kuwauliza wahadhiri wa Nchiru, wakufunzi wa polytechnic, wauguzi wakuu wa hospitali na mameneja wa viwanda vya chai vya Imenti na Rukuriri ni kipi hasa wanaoanza kazi hawawezi kufanya siku ya kwanza. Hata kwa simu itatosha.