Mjomba wa Kisaju Akujibu: Mchambuzi Amenichania Mkeka

Wiki hii barua zote ni za mpira. Sijui ni upepo wa nyanda za Kaputiei au ni ukame wa katikati ya mwezi, lakini hata yule aliyeanza kwa kuniuliza kuhusu mkwe wake alimalizia kwa Arsenal. Nimezijibu nne. Ile iliyojaa matusi kwa refa nimewashia jiko.

*

Shikamoo Mjomba. Mimi ni fundi wa mabati hapa Kisaju, nina miaka 31. Agosti 2025, wakati wa CHAN, nilisikia redioni wakichambua Kundi A, kwamba ni kundi la kifo na Kenya haitoki. Morocco bingwa mara mbili, Kongo bingwa mara mbili, kisha Angola na Zambia, na sisi ndio tunashiriki mara ya kwanza. Nikaiwekea Morocco elfu tatu za misumari ya mteja. Jioni nikaenda kibandani kutazama na wenzangu. Ryan Ogam wetu alipofunga, niliruka nikakumbatia watu nisiowajua, halafu nikakumbuka misumari. Tangu siku hiyo sijui kama mimi ni mzalendo au msaliti.
— Fundi Njia Panda

Marahaba, mpwa wangu. Kwanza nunua misumari ya watu.

Pili, usimlaumu sana mchambuzi wako, maana kwa hesabu za karatasi alikuwa sawa. Morocco walikuja kubeba kombe lenyewe tarehe 30 Agosti, palepale Kasarani, kwa kuwafunga Madagascar 3-2. Katika mashindano yote walipoteza mechi moja tu, na mechi hiyo ni ile uliyoweka elfu tatu. Vijana wetu wa Benni McCarthy walicheza kipindi kizima cha pili wakiwa kumi baada ya Chrispine Erambo kuonyeshwa kadi nyekundu, na bao likabaki moja. Mtu anaweza kuijua Morocco ndani nje na bado akakukosesha usingizi.

Kenya ikamaliza kundi kileleni kwa pointi 10. Hapo midomo ileile iliyotuzika ikatuvika taji. Madagascar? Hao ni maji ya kunywa! Tarehe 22 Agosti tukatoka sare ya 1-1, tukatolewa kwa penalti 4-3. Naomba usiniambie kama uliweka dau siku hiyo.

Kinachonishangaza ni kwamba wewe ni mtu wa Kisaju. Uliponunua ploti yako ya 50 kwa 100, broka alikutabiria nini? Maji mwakani, stima kabla ya Krismasi, lami mpaka mlangoni. Leo bado unanunua maji ya mkokoteni wa punda. Kama kuna watu Kenya hii ambao wangepaswa kuwa wagumu wa kuamini mtu mwenye suti na ramani, ni sisi.

Kuhusu usaliti, ondoa shaka. Miguu yako iliruka kabla mfuko haujakumbuka.

*

Hujambo Mjomba? Nina duka kando ya barabara ya Namanga. Mume wangu ni mpole, hata kuku hamfukuzi kwa nguvu. Lakini Jumamosi wachambuzi wa Uingereza wakishakaa pale kwenye televisheni, anasimama mbele yao na kuwafokea kwa Kiswahili. Juzi alimwambia mmoja, "Kuja hapa useme hayo maneno!" Jirani alidhani tunapigana, akaja na tochi. Je, huu ni ugonjwa?
— Mama Duka

Sijambo, dada yangu. Ni ugonjwa, lakini hauui, na dawa yake ndiyo hiyohiyo anayoifokea.

Nikupe kisa. Agosti 1995 Manchester United walipigwa 3-1 na Aston Villa siku ya kwanza ya msimu. Alan Hansen, aliyekuwa beki wa Liverpool, akaketi kwenye BBC na kutamka kwamba hakuna anayeshinda kitu kwa kuchezesha watoto. Watoto wenyewe walikuwa kina Beckham, Scholes na Gary Neville. Kufika Mei walikuwa wamebeba ligi na Kombe la FA. Sasa niambie, Hansen alifukuzwa kazi? Alikalia kiti kile hadi 2014. Mambo aliyopatia katika miaka hiyo yote hakuna anayeyakumbuka, hata shabiki wa Liverpool. Alilokosea linakaribia kupata wajukuu.

Mchambuzi hulipwa ili aseme, dada. Akipatia, mnasema hilo hata sisi tulilijua. Akikosea, mnamrudia wiki ijayo mkamwone usoni. Kwa vyovyote televisheni inawaka, na aliyeiwasha ni mume wako. Ninayemjua aliyelipa deni lake ni Gary Lineker peke yake. Desemba 2015 aliahidi kwamba Leicester wakitwaa ubingwa atatangaza kipindi akiwa na nguo ya ndani. Leicester, timu ya mji aliozaliwa, ilikuwa imeanza msimu kwa makadirio ya 5000 kwa 1. Wakatwaa. Agosti 2016 akatokea na kaptura nyeupe ya ndani, mapaja nje, dunia nzima ikitazama. Sidhani mwenye kaptura kama hiyo yupo katika redio zetu.

Mume wako hawezi kuitukana timu yake, maana ni damu yake. Refa anamsamehe ikifika Jumatatu. Kocha anafutwa kabla hasira haijaiva. Aliyebaki ni yule mwenye suti, anayekaa palepale kila wiki, asiyemsikia na asiyeweza kumjibu. Ukimwondolea huyo, zile kelele zitahitaji pa kwenda, na ndani ya nyumba mko wewe, watoto na kuku. Marehemu Leonard Mambo Mbotela angeuliza kama alivyotuuliza redioni tangu 1966: je, huu ni ungwana? Sio. Lakini jirani sasa aje na kikombe cha chai, tochi aiache kwake.

*

Mjomba, nakusalimu. Mimi ni mzee wa boma upande wa Isinya. Kijana wangu ameuza mtamba, na pesa zote ameweka kwenye mechi. Nilipomuuliza akasema mtaalamu amesema. Sisi tulikuwa na oloiboni, mtabiri wetu. Huyu mtaalamu ni wa ukoo gani?
— Mzee wa Boma

Mzee wangu, kwa heshima zote, hana ukoo.

Oloiboni akitikisa enkidong, kile kibuyu cha mawe, anakuwa amekaa mbele yako. Anajua jina la baba yako na ng'ombe wako wanakunywa maji wapi. Asipopatia, kesho mtakutana kisimani. Mbatian alitabiri kwa namna hiyo hadi jina lake likapewa kilele cha Mlima Kenya, Batian, mita 5,199 juu. Mchambuzi wa mpira aliyepewa hata kichuguu simjui bado.

Hesabu yenyewe, mzee, haihitaji kibuyu. Mechi moja ina milango mitatu: ushindi wa nyumbani, sare, ushindi wa mgeni. Mechi mbili, milango tisa. Ile jakpoti kubwa ya mechi 17 ina milango zaidi ya milioni 129. Wakenya wote waliohesabiwa kwenye sensa ya 2019, milioni 47 na ushei pamoja na watoto wachanga, wangejaza kila mmoja mkeka wake usiofanana na wa mwenzake, na wasingefika nusu. Ni kweli yupo aliyepatia zote 17: Samuel Abisai, mwaka 2017, akaondoka na milioni 221. Kijana wako anamjua kwa jina na kwa sura. Waliokosa wiki hiyohiyo hakuna gazeti lingeweza kuwapiga picha wote.

Mimi mwenyewe niliwahi kupatia mechi 11 kati ya 13 na nikatembea Kitengela nzima nikijieleza kama mtu aliyekosa bahati kidogo. Ilinichukua mwezi kung'amua kwamba 11 na sifuri zililipa sawasawa mfukoni mwangu.

Usimchape kijana. Muulize tu: yule mtamba, kama angepandwa mwezi huu, angezaa lini? Atakujibu bila kusita. Huo ndio utabiri anaoujua.

*

Niaje Mjomba. Mimi nauza mechi za uhakika kwa simu, shilingi 50 kila Jumamosi. Wikendi iliyopita zote tano zilikufa. Vijana wa boda wananitafuta hapa stejini. Nisaidie haraka.
— Nabii wa Kisaju

Wewe nabii, kazi yako naijua kuliko unavyodhani. Chukua wateja 81. Kwa mechi ya kwanza, 27 watumie "nyumbani", 27 "sare", 27 "mgeni". Waliokosea wafute kwenye simu. Waliobaki wagawe tena kwa tatu. Baada ya mechi nne amebaki mtu mmoja ambaye hujawahi kumkosea, na yuko tayari kukuuzia ng'ombe. Wengine 80 ndio hao walioko stejini na helmeti mkononi.

Warudishie hamsini zao, kwa M-Pesa, ukiwa mbali. Halafu panda matatu ya Namanga ukae huko hadi Jumatano.

*

Na ninyi mnaonipigia simu usiku mkitaka kujua mechi ya Mashemeji itakuwaje: Gor 2, Ingwe 0. Nimeichunguza kwa makini sana. Nabii, ukifika kwenye hiyo matatu, niwekee kiti cha dirishani.