Jinsi ya Kuingia Jimu na Kutoka na Mabega Yote Mawili

Adui wako wa kwanza ndani ya jimu ni kioo, na wa pili ni macho ya watu. Chuma chenyewe hakina ugomvi na mtu. Kinakaa pale kilipowekwa mpaka mgeni aone haya kubeba kidogo. Mabega mengi huharibikia kwenye hiyo haya, kabla hata bomba halijanyanyuliwa. Kwa hiyo amri ya kwanza ni hii: wiki zako za mwanzo, beba uzito unaokutia aibu kidogo.

Ukiingia utavutwa na benchi la kifua, hasa Jumatatu jioni, maana wanaume wa jimu nyingi wamekubaliana bila kikao kwamba Jumatatu ni siku ya kifua. Lipite. Nenda ukutani.

Ndiyo, ukutani. Rudi nyuma hatua moja na nusu, weka viganja usawa wa kifua, nyoosha mwili kuanzia kisigino hadi kisogo, kisha shuka taratibu na ujisukume. Ukimaliza seti tatu za pushapu 12 bila kutetemeka, hamia kwenye ukingo wa benchi, na baadaye sakafuni. Atakayecheka mwache acheke. Pushapu ya sakafuni ikipigwa kwa adabu inakubebesha karibu theluthi mbili ya uzito wako: mtu wa kilo 72 anasukuma kama kilo 48. Tena wengi wa hao wanaocheka hawana pushapu kumi safi. Kiuno kinazama, shingo inatangulia mbele, na hesabu inaruka kutoka 6 hadi 9.

Sasa tuje kwenye vyuma vyenyewe. Jimu nyingi za mitaani hazina chuma cha kiwandani. Zina bomba la maji na makopo ya rangi yaliyojazwa zege, na hakuna ubaya wowote, misuli haisomi nembo. Ubaya ni kutojua unabeba nini. Lita moja ya zege ina kama kilo 2.4, kwa hiyo kopo la rangi la lita 4 likijaa hutoka na karibu kilo 10. Lakini aliyejaza alikuwa akikadiria kwa jicho. Upande mmoja kokoto zilizidi, upande wa pili saruji iliisha vidole viwili kabla ya ukingo, na leo bomba linalalia kushoto kila likinyanyuliwa. Bega la kushoto linalipa deni la fundi. Yapelekeni makopo kwenye mizani ya duka la nafaka, mkiwa wawili, kisha andikeni uzito kwa rangi ubavuni. Kabla ya kunyanyua, tikisa bomba: kopo likicheza, siku hiyo halipandi juu ya kifua cha mtu. Na kama jimu yako ina chuma cha kiwandani, kumbuka kuhesabu bomba lenyewe. Lile refu la kawaida lina kilo 20, na jembamba linalotumiwa na wanawake mashindanoni lina kilo 15. Mgeni anayedai kuweka "kilo 20 tu", kumi kila upande, amebeba 40.

Siku ya benchi itafika. Ikifika, lala na bomba tupu kwanza, hata kama unajiona shujaa. Kidole gumba kizunguke bomba. Wapo wanaokiacha upande mmoja na vile vinne, na bomba likiteleza halina pa kwenda isipokuwa kifuani au shingoni. Viwiko visitanuke hadi usawa wa mabega, vikaribie mbavu kidogo. Shusha polepole, pumua nje unaposukuma, usizuie pumzi mpaka mishipa ya shingo itokeze, hasa kama presha yako huijui. (Presha hupimwa kwa dakika chache tu. Pima kabla ya kuanza, hasa ukishavuka miaka 40.)

Awepo mtu wa kusimama kichwani kwako, mikono yake karibu na bomba, macho kwako. Akishika simu, huyo ni mpiga picha, mtafute mwingine. Mwambie kabla hujalala: "Kaka, nitapiga nane, nikikwama ya saba nisaidie." Ukiwa peke yako na bomba lenye makopo ya zege, usilale chini yake kabisa. Makopo hayo hayachomoki, na ukikwama huwezi kuyamwaga upande mmoja ujiokoe. Chukua dambeli mbili, au rudi kwenye pushapu. Hapa sitaki mjadala.

Nimeongea sana kuhusu kusukuma, na ndivyo jimu zinavyoongea. Kinachosahaulika ni kuvuta, kwa sababu mgongo hauonekani kwenye kioo. Bega ni kiungo kinachozunguka kuliko kingine chochote mwilini, na uhuru huo una gharama: kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa juu ya kikombe chenye kina kifupi sana, na miongoni mwa vinavyokishikilia kisichomoke ni misuli midogo minne inayoanzia kwenye mfupa wa bega. Ukijenga kifua peke yake mwaka mzima, mbele inakaza, nyuma inalegea, mabega yanajikunja kuelekea kidevuni. Kifua kile ulichokilipia ada kila mwezi hakionekani tena, kimeingia ndani.

Kwa hiyo kila seti ya kusukuma ilipwe kwa seti ya kuvuta. Weka mkono na goti moja juu ya benchi, mgongo bapa, vuta dambeli kuelekea nyongani, si kuelekea kwapani. Au funga bomba imara usawa wa kiuno, lala chini yake, visigino ardhini, uvute kifua kulifikia. Kujivuta kwa kuning'inia kutakuja baadaye. Kwa sasa ning'inia tu na ushuke polepole, mikono itajifunza.

Kiasi gani? Mwaka 1945 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alichapisha maelezo ya namna alivyowarudishia wanajeshi majeruhi nguvu za misuli: seti za mara kumi, na uzito unaopanda kadiri mtu anavyoimarika. Wazo hilo bado ndilo msingi. Kwako wewe, siku mbili au tatu kwa wiki zisizofuatana, seti mbili au tatu za mara 8 hadi 12, ukiacha ukiwa na nguvu ya kupiga mbili zaidi. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Uzito ukishakuwa mwepesi kwako, kwenye chuma cha kiwandani ongeza kilo 2.5 kwa jumla. Kwenye makopo, ambako baada ya 10 panakuja 15, usiruke: panda kutoka mara 8 hadi 12 kwanza, ukizimudu kwa siku kadhaa ndipo ubadilishe kopo.

Jihadhari na wiki ya nne au ya tano. Mwanzoni nguvu huja upesi kwa sababu neva zinajifunza kuiamsha misuli uliyokuwa nayo tayari. Kano zinazoishika misuli kwenye mifupa huimarika polepole zaidi. Ndiyo maana mgeni hujiona simba wakati ule ule viwiko vyake vinapoanza kulalamika.

Maumivu ya misuli siku ya pili ni ya kawaida, huisha yenyewe. Maumivu makali ndani ya kiungo, acha zoezi hilo. Ukipata maumivu ya kifua, au mikono ikavimba na mkojo ukageuka rangi ya chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyo hiyo: misuli iliyovunjika inaweza kuangusha figo.

Chakula kisikuumize kichwa. Maharage, dagaa, mayai (moja lina kama gramu 6 za protini) na usingizi wa kutosha vinatosha kwa anayeanza.

Halafu kuna jamaa atakayekusogelea akunong'oneze habari za sindano za homoni za kujaza misuli. Mwambie hapana, hata akikukopesha. Homoni hizo huufanya mwili uache kutengeneza zake, korodani husinyaa, mbegu za uzazi hupungua au huisha, na moyo hupata mzigo usiouona kwenye kioo. Na kama umeshaanza kuchoma, usijifiche wala usihangaike peke yako. Mwambie daktari ulichoma nini, kiasi gani na tangu lini.